Tovuti Imejaa Wageni, Uihamishie Wapi?

Saa tatu usiku, tarehe 30 ya mwezi, kijana mmoja wa Mbagala Kizuiani alinipigia simu. "Kaka, shikamoo. Tovuti imegoma tena." Ana tovuti ya vyumba vya kupanga. Alianza na madalali wanne wa mtaani kwake. Leo matangazo yanatoka Charambe, Tandika na Yombo, na ng'ambo ya jiji yanatoka Tegeta na Bunju. Kila mwezi unapokwisha, watu wanaotakiwa kuhama wanashika simu baada ya chakula cha usiku na kuanza kutafuta. Hapo ndipo tovuti inapoanza kutoa kosa namba 508 badala ya vyumba.

Aliponipigia alikuwa ameshaamua. Ameona sava ya memori gigabaiti 32, pesa anazo za miezi mitatu, anachotaka ni mimi nimsaidie kuhamisha. Nilimwomba anipe siku tatu kabla hajalipa. Watu wengi wamenijia na ombi kama lake, wenye maduka ya vipuri, wenye shule, wenye vikundi vya muziki wa injili, na karibu wote walikuwa wanakwenda kununua dawa kabla ya kupima.

Kosa 508 lina maana yake. Ukianza tovuti, kwa kawaida unakodi nafasi ya pamoja: sava moja, wapangaji mamia. Ni kama nyumba zetu za vyumba sita, korido katikati, choo uani, LUKU moja. Mwenye nyumba anajua kwamba mpangaji mmoja akiwasha pasi, jiko la umeme na hita kwa wakati mmoja, nyumba nzima italala gizani, kwa hiyo anamwekea kila mtu kikomo. Kwenye sava kikomo hicho mara nyingi ni maombi 20 yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. La ishirini na moja linarudishwa mlangoni.

Ukikielewa kikomo hicho, hesabu yote inabadilika. Suala si wageni wangapi wanakuja kwa siku, bali kila mmoja anakaa ndani kwa muda gani. Kama ukurasa mmoja unatengenezwa kwa sehemu ya tano ya sekunde, nafasi 20 zinahudumia watu 100 kila sekunde. Kama ukurasa huohuo unachukua sekunde nne, nafasi zilezile 20 zinahudumia watu watano tu kwa sekunde. Wageni hawajaongezeka, sava haijabadilika, ila tovuti imekufa.

Kwa hiyo siku zile tatu tulitafuta nani anakaa ndani muda mrefu. Kanzidata ya MySQL ina daftari la maswali yanayochelewa; ukiliwasha, linaandika kila swali lililozidi muda uliopanga. Tuliliacha usiku mmoja. Asubuhi jibu lilikuwa limejaa ukurasa mzima, swali moja likijirudia: "nipe vyumba vya mtaa fulani, kodi isiyozidi kiasi fulani". Jedwali la matangazo halikuwa na faharasa ya mtaa wala ya kodi. Kila mtu aliyetafuta chumba Tandika, mashine ilikuwa inasoma matangazo yote tangu siku ya kwanza, hata ya vyumba vilivyokwishapangishwa zamani, kama mtu anayetafuta neno kwenye kamusi kwa kuanzia herufi A. Tuliongeza faharasa kwa mistari miwili. Swali lililokuwa likichukua sekunde nne likawa chini ya nusu sekunde.

Tatizo la pili lilikuwa picha. Dalali anapiga chumba kwa simu, picha inatoka na megabaiti nne, naye anaipandisha hivyohivyo. Ukurasa wenye vyumba 12 unamlazimisha mgeni ashushe karibu megabaiti 50, na mgeni huyo yuko kwenye daladala, anatumia bando alilonunua asubuhi. Picha ya chumba ikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 na kubanwa kwa muundo wa WebP inabaki kilobaiti mia moja na ushee, na jicho la mpangaji halioni tofauti. Hili naliita suala la haki, maana gharama ya uzembe wako anailipa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wewe.

Baada ya hapo mwisho wa mwezi uliofuata ulipita bila kosa 508 hata moja, palepale kwenye nafasi ya pamoja, bila kuongeza shilingi.

Simaanishi kwamba hakuna haja ya kuhama. Alihama baadaye, na nitafika huko. Lakini kuna jambo moja zaidi la kujaribu kabla, na mfano wake mzuri kuliko yote tunao hapahapa nchini. Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, watahiniwa zaidi ya nusu milioni, pamoja na wazazi, wajomba na walimu wao, wanakimbilia kurasa za NECTA ndani ya saa chache. Fungua kurasa hizo uone zilivyo. Ni faili za kawaida za HTML. Kila shule ina faili yake, jina la faili ni namba ya kituo cha mtihani, ndani mna jedwali tupu la namba na alama. Hakuna kanzidata inayoulizwa "mtahiniwa huyu alipata nini" kila mtu anapobofya. Jibu liliandikwa mara moja, sava inalitoa tu kama muuza magazeti anavyotoa gazeti. Faili kama hizo zinaweza kunakiliwa kwenye sava nyingine kwa dakika chache, na hata mashine ndogo inagawa maelfu yake kwa sekunde.

Jiulize basi: katika tovuti yako, ni ukurasa gani unaobadilika kwa kila mgeni? Kwa duka la vitenge ni kapu la manunuzi na malipo tu. Orodha ya vitenge ni ileile kwa wote. Kwa tovuti ya vyumba, ukurasa wa "vyumba vya Mbagala" unaweza kutengenezwa mara moja kila dakika tano ukahifadhiwa, na wote watakaokuja ndani ya dakika hizo wapewe nakala hiyo. WordPress ina programu-jalizi nyingi zinazofanya kazi hii, na programu ya sava ya Nginx inaifanya yenyewe. Ninawajua watu waliohama mara mbili kabla ya kuwasha kitu ambacho kilikuwa kimekaa kwenye mipangilio yao tangu mwanzo.

Wapo pia ambao hawahitaji sava kabisa. Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, aliiweka Blogspot, na kwa miaka mingi Watanzania wa ndani na wa ughaibuni waliifungua kila asubuhi bila yeye kushughulika na memori wala diski. Kama kazi yako ni maandishi na picha, njia hiyo bado ipo na ni ya heshima. Gharama yake ni kwamba umejenga kwenye kiwanja cha mtu, na siku akibadilisha masharti huna la kusema.

Sasa tuseme umepima, umerekebisha, umehifadhi nakala za kurasa, na bado umebanwa. Au una programu yako mwenyewe ambayo nafasi ya pamoja haiiruhusu. Hatua inayofuata ni sava pepe, ile ambayo mafundi wanaiita VPS: umetoka kwenye chumba cha korido, umepata nyumba yako ndani ya uzio wa mtu. Una LUKU yako. Lakini bomba likipasuka usiku, fundi ni wewe.

Ukubwa uuchague kwa hesabu, usikubali kuchaguliwa na tangazo. Chukua memori ya gigabaiti 2. Mfumo wenyewe pamoja na kanzidata uviachie gigabaiti 1. Inabaki 1. Kila mchakato wa PHP unaojenga ukurasa wa WordPress unakula megabaiti 50 hivi, ukiwa na programu-jalizi nyingi unazidi. Basi una wafanyakazi 20. Kila mmoja akimaliza ukurasa kwa nusu sekunde, unatoa kurasa 40 kwa sekunde, yaani 144,000 kwa saa, na hizo ni zile tu ambazo nakala yake haijahifadhiwa. Biashara nyingi ninazozijua Temeke na Kinondoni hazijafika robo ya hapo. Gigabaiti 4 zinakupa nafasi ya kupumua. Gigabaiti 32 zingekuwa za kumtajirisha mwenye sava.

Kuna kosa moja la kitaalamu linalowaangusha wengi wiki ya kwanza, nalo linahitaji maneno ya ziada. Mipangilio inaruhusu PHP kuzaa wafanyakazi 100, wakati memori inatosha 20. Siku ya kawaida hakuna anayegundua. Siku ya wageni wengi wanazaliwa 60, memori inakwisha, na Linux ikikosa memori huchagua mchakato mmoja mnene na kuuua. Mara nyingi mnene kuliko wote ni kanzidata. Tovuti inazimika kabisa, mwenyewe anaiwasha upya, wageni wanarudi, inauawa tena. Weka kikomo cha wafanyakazi kinacholingana na memori yako. Ni afadhali mgeni wa ishirini na moja asubiri sekunde moja kuliko wote wakute mlango umefungwa.

Sava hiyo iwe wapi? Hapa watu wanabishana kwa hisia, wakati jambo lenyewe linapimika. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni kilomita karibu 7,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama kila kitu kingekuwa kamili. Mkongo haujanyooka, unazunguka pwani na kupita vituo, kwa hiyo tegemea mara mbili ya hapo au zaidi. Mgeni mpya anafanya safari kama nne kabla ya kuona herufi ya kwanza: kuulizia jina, kusalimiana na sava, kukubaliana usimbaji, kuomba ukurasa. Umbali unakugharimu nusu sekunde au zaidi kidogo. Sava ikiwa hapahapa Dar, gharama hiyo karibu inafutika. Nusu sekunde ni ya maana, lakini swali lisilo na faharasa lilimgharimu kijana wa Kizuiani sekunde nne.

Sababu yenye nguvu zaidi ya kuwa na sava nchini ilionekana Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikakaa na intaneti ya kusuasua. Tovuti iliyoko Ulaya ilikuwa kama haipo kwa wateja wengi. Sava iliyoko Dar na kuunganishwa na TIX, kituo ambacho watoa huduma wa nchini wanabadilishana data wao kwa wao, haina haja ya kuvuka bahari ili imfikie mteja wa Mwananyamala. Lakini angalia kurasa zako kwa makini. Kama zinachukua fonti kutoka nje, vipande vya programu kutoka nje na ramani kutoka nje, basi mkongo ukikatika, ukurasa uliotoka Dar utamsubiri aliyeko ng'ambo. Weka fonti na programu hizo kwenye sava yako mwenyewe. Ni kazi ya mchana mmoja.

Na usidanganyike na anwani ya ofisi. Si ajabu kampuni ikawa na ofisi mjini, namba za simu za hapa, risiti za hapa, na sava zake zikawa Ujerumani au Marekani. Uliza waziwazi: mashine iko jengo gani? Kituo cha Taifa cha data kipo Kijitonyama chini ya TTCL, na vipo vya kampuni binafsi. Kisha hakikisha mwenyewe: tuma amri ya kufuatilia njia kutoka kwenye kompyuta yako na uone kama inapita nchi za watu. Ikiwa umeamua kubaki nje kwa ajili ya bei au ubora, tumia huduma kama Cloudflare, ambayo ina mitambo hadi Nairobi na Mombasa, ili picha na kurasa zilizohifadhiwa zitolewe karibu na mteja.

Bei nayo ina mambo yake. Sava pepe ya nje yenye ukubwa niliousema inapatikana kwa dola 5 hadi 25 kwa mwezi kutegemea kampuni, na ya ndani mara nyingi inazidi hapo. Ila ya nje inakatwa kwa dola kwenye kadi, kila mwezi, bila kukuuliza. Kadi ikiwa haina salio siku hiyo, unapata barua pepe mbili za onyo ambazo huzisomi, halafu mashine inazimwa. Mteja wangu mmoja wa Tegeta alizimiwa duka lake wikiendi ya sikukuu kwa sababu ya dola 12. Weka salio la miezi mitatu mapema. Kampuni za nchini tangu kanuni za fedha za kigeni za Machi 2025 zinapaswa kutangaza bei kwa shilingi, na kwa mfanyabiashara anayeingiza shilingi huo ni utulivu wa kweli.

Kuna pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tovuti ya vyumba inakusanya majina, namba za simu, pengine namba za NIDA za wapangaji. Anayekusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake. Zungumza na Tume kabla hujachagua nchi ya sava. Na kama huna sababu ya kuhifadhi namba ya NIDA ya mtu, usiihifadhi.

Mara kwa mara mtu ananiuliza kwa nini asiweke sava nyumbani, Mtoni Kijichi au Boko, maana tayari amevuta faiba. Namwelewa, na kwa kujifunzia hakuna shule bora. Kwa biashara hapana. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. UPS ya dukani inakubeba dakika chache tu. Joto la Februari kwenye chumba cha bati linaua diski. Na watoa huduma wengi huwapa wateja kadhaa anwani moja ya IP, hivyo watu wa nje hawawezi kuifikia mashine yako hata ikiwa imewaka.

Wengine wanakwenda upande wa pili: sava mbili za kurasa, moja ya kugawa wageni mbele, ya nne ya kanzidata, kwa sababu walisoma kwamba makampuni makubwa hufanya hivyo. Kwa tovuti ya mtu mmoja au wawili una vitu vinne vya kuharibika, na kanzidata bado ni moja. Mimi kipimo changu ni kimoja: je, mashine hii ikitoweka saa mbili usiku, ninaweza kuijenga upya peke yangu kabla ya alfajiri? Mpangilio wowote unaojibu ndiyo unakufaa, hata uwe mdogo. Unaojibu hapana haukufai, hata uwe wa kifahari namna gani. Kijana wa Kizuiani nilimwambia anunue daftari la karatasi na aandike kila amri aliyoitoa tangu sava ikiwa tupu. Kisha akodi sava nyingine kwa saa chache, aijenge kwa kusoma daftari tu. Mara ya kwanza alikwama mara tano. Mara ya pili alimaliza kwa saa moja na nusu.

Daftari halitoshi bila nakala rudufu. Kila usiku kanzidata itolewe, ibanwe, ipelekwe kwa kampuni nyingine kabisa, si kwenye diski ya sava ileile. Nakala saba za siku, nne za wiki. Na mara moja kwa mwezi irudishe mahali uone kama inafunguka, kwa sababu nimeshuhudia nakala za mwaka mzima ambazo zote zilikuwa faili tupu.

Kikoa, au domeni kama tunavyoiita, kiandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako. Hili nalisema kwa uchungu. Mama mmoja wa Chang'ombe mwenye shule ya awali alipoteza jina lililoandikwa ukutani na kwenye sare za watoto, kwa kuwa fundi aliyemtengenezea tovuti alilisajili kwa jina lake mwenyewe, akahama mji na kubadilisha namba. Ikiwa ni .co.tz, msajili aliyeidhinishwa na TCRA anaweza kukuonyesha nani ameandikwa kuwa mmiliki. Muulize leo.

Kijana wetu alihama miezi minane baadaye, madalali walipozidi na alipotaka programu yake ya simu izungumze na sava. Alichukua sava pepe ya gigabaiti 4, hapahapa Dar. Siku mbili kabla alishusha muda wa kumbukumbu ya jina la kikoa hadi sekunde 300, ili mabadiliko yaenee kwa dakika na si kwa siku. Tulichagua Jumanne ya katikati ya mwezi, saa saba usiku, wakati watafuta vyumba wamelala. Alifunga matangazo mapya, akachukua nakala ya mwisho, akaijaza kwenye sava mpya, akaijaribu kwa simu yake peke yake, ndipo akageuza jina. Saa nane na dakika kumi wageni wa kwanza walikuwa upande wa pili.

Kitu kimoja kilitukwepa. Barua pepe za ofisi zilikuwa zinaishi kwenye nafasi ya zamani, na tulipogeuza jina hatukuziangalia rekodi za barua. Kwa siku nzima barua za madalali zilikuwa zinagonga mlango wa sava isiyojua kupokea barua. Nafasi ya zamani bado ilikuwa imelipiwa mwezi mmoja mbele, kwa hiyo tulirudisha rekodi hizo zielekee huko, na barua zikaanza kuingia tena kabla ya saa kumi na moja jioni.